Kuvua Tanga msimu wa kaskazi: mjomba, angalia maji kabla ya kuangalia mahali

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi nakaa Arusha, mke wangu ni mtu wa Tanga, na mwaka huu tunashuka ukweni kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwanzo wa Januari. Nataka kuvua baharini, sio biashara, kujifurahisha tu na kupata kitoweo. Mwaka jana nilikaa Raskazone kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 8, maji yalikuwa mbali huko, jua kali, sikupata hata kimoja, na shemeji zangu wananicheka mpaka leo. Usiku ule mwezi ulikuwa mkubwa nikajua mambo yatakuwa mazuri, wapi. Sasa nianzie wapi, ufukweni au kule kwenye mikoko? Ninunue fimbo na rili (nimeona seti nzuri ila bei imesimama) au mshipi wa mkono unatosha? Na mwisho, eti kweli yule samaki wa kale, silikanti, yupo hapo Tanga na mtu anaweza kumvua?

JIBU: Marahaba mjomba, karibu tena Tanga, na hao mashemeji waache wacheke kwanza, ukweni bila utani hakunogi.

Umeuliza uanzie wapi. Wageni karibu wote wanauliza hivyo hivyo, mahali, nipeleke mahali penye samaki. Mahali kwa Tanga sio shida kabisa, una ghuba nzima mbele ya mji na kisiwa cha Toten katikati, una Raskazone, una Sahare, ukishuka kusini una Mwambani, Tongoni, Kigombe mpaka Pangani, ukienda kaskazini una Chongoleani mpaka huko Mkinga, kote kuna samaki na kote mtu anaweza kukaa mchana kutwa akarudi na ndoo kavu. Kinachokupa samaki ni maji, yaani yanakwenda au yamesimama, yanaingia au yanatoka, ni saa ngapi, jua liko wapi. Ukishajua hilo ndo unachagua mahali, na mahali penyewe panabadilika kila siku chache ndani ya wiki zako hizo tatu.

Chukua hiyo siku yako ya mwaka jana. Mwenyewe umesema mwezi ulikuwa mkubwa na maji yalikuwa mbali. Hiyo ni bamvua mjomba. Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yanajaa sana na yanakupwa sana, hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Na kwenye pwani yetu hii bamvua ina saa zake, maji yanajaa kwenye saa 10 hivi, alfajiri na jioni, na yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Kwa hiyo we ulipofika saa 6 mchana maji ndo kwanza yanaanza kurudi, mbele yako ni kina cha magoti juu ya mchanga na majani ya bahari, tena yamepigwa jua tangu asubuhi yamekuwa ya moto, na maji ya moto yanabeba hewa kidogo, samaki wa maana hawezi kukaa hapo, ameshakwenda zake kwenye mkondo wenye kina. Ungekaa kimya ukanywa madafu yako ukarudi saa 10 jioni ungekuta bahari nyingine kabisa pale pale ulipokaa.

Sasa njia ya kukisia bila hata kufungua simu, maana wazee wetu hawakuwa na simu na maji walikuwa wanayajua. Hesabu mwezi wa kiislamu. Mwezi mosi, yaani tarehe mosi ya mwezi huo, maji yanajaa saa 10, kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50, kwa hiyo mwezi tano unaongeza kama saa tatu na dakika ishirini, maji yanajaa kwenye saa 1 na nusu usiku, na saa 1 asubuhi vilevile. Mwezi saba nane unakuta maji yanajaa saa 3, saa 4, na hapo ndo tunaita maji mafu, yanajaa kidogo yanakupwa kidogo, hayana nguvu. Halafu mwezi kumi na nne, kumi na tano, unarudi kulekule kwenye saa 10 na bamvua nyingine inaanza. Ni makadirio, sio saa ya ukutani, na bamvua yenyewe inakolea siku moja mbili baada ya mwezi kupevuka, ila kwa mtu wa mshipi inatosha sana. Ukitaka uhakika jedwali la maji ya bandari ya Tanga lipo mtandaoni, angalia, lakini jifunze na hesabu maana siku bando imekata utafanyaje.

Ukishakuwa na hiyo hesabu mambo yanajipanga yenyewe. Siku za bamvua, jioni nenda horini, ule mkono wa bahari unaoingia ndani kwenye mikoko. Siku za maji mafu, alfajiri nenda ufukweni. Hilo ndo jibu langu kwa kifupi, sasa nikueleze kwanini.

Hori kwanza maana ndo penye utamu. Maji ya bamvua yakijaa saa 10 jioni yanaingia mpaka ndani kabisa kwenye mizizi ya mikaka na mikandaa, na vile vitoto vya kamba, vidagaa, vimkizi, vikaa, vyote vinaingia humo kula na kujificha. Maji yakigeuka kwenye saa 11 yanaanza kutoka, mwanzo polepole, halafu yanashika kasi, na vile vidogo vyote havina ujanja lazima vitoke na maji kupitia mdomo wa hori. Na wakubwa wanajua. Kolekole, changu, kelea, msusa, wanakaa pale mdomoni kwenye kina wanasubiri kama wauza kashata mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, hawahangaiki, wateja watatoka tu. Jua linazama kama saa 12 na nusu hivi mwezi huo wa Desemba, kwa hiyo unapata saa moja na nusu, mbili, za maji yanayotoka na mwanga unaofifia kwa pamoja, na hakuna kipindi kizuri kuliko hicho kwa mtu anayevua nchi kavu. Simama pembeni ya mkondo, sio katikati, tupa juu kidogo upande maji yanakotoka, acha chambo kiteremke chenyewe na maji mpaka kipite kwenye kile kishimo chenye kivuli. Akikamata kolekole utajua, hana adabu yule, anaondoka na kila kitu. Kelea yeye ni mwizi wa usiku, anagusa mara moja anarudi kwenye mizizi, ukimchelewesha kashakata laini, kwa hiyo ukihisi amebeba vuta hapohapo, usimpe nafasi ya kufikiri.

Wapi hasa? Mjini kwenyewe ghuba ya Tanga ina mikoko upande wa ndani ambako mito ya Zigi na Mkulumuzi inamwaga, ila angalia, Desemba vuli inaweza kuwa bado inanyesha na ikinyesha huko juu Usambara maji ya ghuba yanakuwa ya tope siku kadhaa, hapo hongwe utapata ila kolekole sahau, hamia Mwambani au Tongoni. Tongoni mimi ndo naipenda kuliko zote, ni kama kilometa 20 hivi kutoka mjini barabara ya Pangani, pale pale penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kijiji cha wavuvi, mikoko mizuri, na watu hawana makuu. Ukifika usiende moja kwa moja kutupa ndoana, nenda kwanza dikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, salimia, jieleze we nani na mkwe wa nani, utashangaa mtu anakuachia kazi yake anakuonyesha mwenyewe mkondo unapopita. Pangani mdomoni napo kuna samaki wakubwa lakini mto ule unakwenda kasi vibaya maji yakitoka, na huko ndani kuna mamba, sikushauri kwa mtu wa kwanza kwanza, tena na watoto ndo kabisa.

Sasa ufukweni, siku za maji mafu. Maji mafu yanakupwa kwenye saa 10 alfajiri na yanajaa kwenye saa 4 asubuhi, kwa hiyo ukifika ufukweni saa 11 na nusu bado giza giza, maji yanaingia taratibu, hayana fujo, na yanapanda nawe mpaka jua likolee. Hapo mchanga wa Sahare, wa Raskazone, hata wa Kigombe, una chaa na mkundaji wanaokuja kuchimbachimba kwenye maji ya kina cha kiuno. Watu wengi wanatupa mbali mpaka bega linauma kumbe samaki yuko huku nyuma, kati ya ndoana na wewe. Anza karibu, mita 10, 15, halafu ongeza. Chaa ana mdomo mdogo unaochomoza, ndoana ndogo, kipande kidogo cha kamba, na usimkurupushe, subiri agonge mara ya pili. Ni samaki mdogo ndio, lakini sahani ya chaa watano wa kukaanga na ndimu na pilipili mimi sibadilishi na nguru wa mtu.

Na usiidharau ile bamvua ya asubuhi iliyokuumbua mwaka jana. Maji yakikupwa saa 4 ndo wakati wa kutafuta chambo, sio wa kuvua. Unachimba minyoo ya mchangani, unaona na makorongo ya maji yalivyopita, shimo liko wapi, jiwe liko wapi, majani yanaishia wapi. Piga picha na simu. Jioni vyote vitakuwa chini ya maji na we utakuwa unajua unatupa wapi wakati mwenzio anatupa baharini tu. Ila ukitembea huko kwenye mwamba vaa raba, sio kandambili, na uangalie saa, maji ya bamvua yanaporudi hayaji mbele yako, yanakuzunguka nyuma kwanza kupitia yale makorongo, unageuka unakuta umeachwa kwenye kifungu cha mchanga na pwani iko ng'ambo.

Kuhusu upepo, bahati yako unakuja kaskazi. Kusi ikivuma, huko mwezi wa sita mpaka wa nane, bahari inachafuka na ufukwe unaotazama nje haukaliki, lakini kaskazi bahari ni ya joto na mara nyingi maji ni maangavu kama hamna mvua. Uangavu nao una dhambi yake, samaki anakuona. Ndo maana nasisitiza alfajiri na magharibi, na laini nyembamba, na usisimame na shati jeupe juu ya jiwe kama unahutubia. Asubuhi kwa kawaida ni shwari, kuanzia saa 5 saa 6 upepo unaamka, na siku nyingine kaskazi ya Januari inashika kweli kweli mchana. Kama unapanda chombo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi yake, halafu muulize na nahodha, wakipingana msikilize yule anayesema usiende.

Vifaa. Hiyo seti yako iliyosimama bei iache dukani mjomba. Mshipi wa mkono unatosha na kwa mwanafunzi unafundisha zaidi maana unahisi kila kitu kidoleni, maji, jiwe, kaa anayekula chambo chako bure. Nunua nailoni ya unene wa milimita 0.40 kwa ufukweni na 0.50 au 0.60 kwa horini, mita 100 kila moja, zungushia kwenye chupa ya plastiki au kipande cha mti. Ndoana chukua saizi tatu, ndogo za chaa, za kati za changu, na chache kubwa za kolekole, na kumbuka dukani namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, usije ukabeba namba 16 ukidhani unakwenda kuvua papa. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, usizidishe uzito, hapo ndo wengi wanapoharibu, unataka uzito wa kufika chini na kukaa, basi, maji mafu chubwi ndogo sana inatosha. Ipitishe kwenye laini iteleze yenyewe, chini yake funga fundo au kishanga cha kuizuia, halafu mbele acha dhiraa moja ya laini nyembamba kidogo kuliko ya mshipi, ndo ndoana. Faida yake samaki akibeba chambo anavuta laini bila kuhisi uzito, na ikinasa kwenye mwamba unakatika kile kipande cha mbele, hupotezi mshipi mzima. Kwa msusa na mzia wenye meno weka kipande cha waya mwembamba, kifupi tu. Ukija kunogewa mwaka kesho ndo ununue fimbo, ina raha yake ufukweni na kwa kutupa vile visamaki vya bandia vya kung'aa kuwafukuzia kolekole, lakini chumvi inakula rili usipoiosha na maji baridi kila jioni, na wageni hawaoshi.

Ile hela ya fimbo iweke kwenye chambo. Mimi nikiulizwa tofauti ya anayepata na anayekosa, wote wako jiwe moja maji yale yale, mara nyingi ni chambo. Chambo kibichi cha asubuhi ile na kile kilicholala kwenye mfuko wa rambo juani ni vitu viwili tofauti kabisa. Nenda soko la Deep Sea mapema vyombo vinapoingia, nunua kamba wachache, ngisi mmoja na vibua vitatu vinne, omba barafu, weka kwenye deli, vifunike. Kwa kamba unavua karibu kila samaki ila ni laini, vidogo vinamnyofoa, mmenye, mpitishe ndoana mkiani utokee tumboni. Ngisi mkate vipande virefu vyembamba kama kidole cha mtoto, mgumu, anakaa, changu anampenda hasa usiku. Kibua mkate mshazari na ngozi yake, unyunyizie chumvi nusu saa kabla, nyama inakaza haitoki samaki akigonga mara ya kwanza. Kolekole mkubwa yeye mpe kimkizi kizima, hai kama unaweza, kimepitishwa mgongoni, kikiogelea tu utasikia. Mkizi mwenyewe utamuona anaruka ruka pale horini anakutia wazimu, hali nyama za ndoana zako, anataka kinyunga kidogo cha unga wa ngano kwenye ndoana ndogo na kiboya juu. Na tasi, huyu kipenzi cha watu wa hapa, anakula mwani na majani, wenzetu wanamtega kwa madema, kwa mshipi utampata kwa mwani au kinyunga juu ya mwamba maji yanapojaa, lakini uvumilivu.

Hapo kwenye tasi nisimame kidogo. Miba yake yote ina sumu, ya mgongoni, ya tumboni, mdogo hivyo anakulaza. Hongwe vilevile, miba mitatu, mmoja mgongoni na miwili pembeni. Taa anajifukia mchangani na mkia wake una mwiba, kwa hiyo ukitembea majini buruza nyayo usinyanyue, atasikia ataondoka. Kuna na yule samaki anayefanana na jiwe kabisa, ukimkanyaga utamuita mama. Ukichomwa na yeyote katika hao, tia sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, jaribu kwanza na mkono usiochomwa, kaa nayo nusu saa mpaka saa moja na nusu, sumu hizo zinavunjwa na joto na maumivu yanashuka, halafu nenda hospitali ukaangaliwe mwiba haukubaki na upate sindano ya pepopunda. Na bunju, yule anayejivimbisha, usimle, usimpe paka, usimpe mtu, sumu yake haitoki kwa kupika na inaua.

Samaki wengine wanaharibiwa na sisi wenyewe. Desemba ile nyuzi joto 32 kivulini, kibua au kolekole akikaa juani saa mbili tatu anatengeneza sumu inayowasha, uso unakuwa mwekundu, midomo inawaka, kichwa kinagonga, na ukimpika haiondoki. Watu wanasema nimepata mzio kumbe samaki alikaa vibaya. Ukimtoa tu majini muue, mpasue, toa matumbo na mashavu, barafu. Kama huna barafu usimweke kwenye ndoo ya maji ya bahari juani, mfunge kwenye gunia lililolowana kivulini na uondoke mapema. Na ukiwa sokoni unanunua, chambo au kitoweo, mtazame samaki, mwenye mwili uliolegea kama hana mfupa, macho yana damu na tumbo limepasuka ndani, huyo ni wa baruti, muache. Baruti imetuumiza sana Tanga, kuna miamba wazee watakuonyesha kwa kidole wakisema hapa tulikuwa tunapakia ngalawa, ukizamia unakuta kifusi. Miaka ya karibuni doria zimeibana, milipuko haisikiki kama zamani, lakini matumbawe hayakui kwa mwaka mmoja.

Ukitaka kutoka kidogo na chombo mpaka kwenye mwamba, ongea na mwenye ngalawa dikoni, mkubaliane bei kabla, mchukue asubuhi ya maji mafu, maana siku za bamvua mkondo unainua chubwi yako mpaka inaelea na mtakuwa mnavua majani. Kaeni ndani ya mwamba, changu na chewa wadogo wapo wa kutosha. Jaketi okozi uvae, hata kama nahodha mwenyewe hana, akikucheka ongeza kwenye orodha ya wanaokucheka. Nguru na jodari wako nje huko, kaskazi ndo msimu wao mzuri, ila hiyo ni boti yenye mashine mbili na watu wanaojua, sio safari ya likizo ya kwanza.

Ruhusa nayo usiipuuze. Pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri, mweleze unavua kwa mshipi kwa kitoweo, ujue unatakiwa ukate nini, na kila diko lina kamati yake ya kusimamia uvuvi, wanaiita BMU, hao ndo wenye bahari ya pale. Sehemu kubwa ya hapo ni hifadhi ya bahari, ina maeneo ya kuvua na maeneo ya kuacha, toka jijini mpaka karibu na Pangani, na visiwa vya Toten, Yambe na Karange vimo ndani yake, kwa hiyo kabla hujashuka kisiwani uliza. Maziwe kule mbele ya Pangani ni eneo tengefu, hakuna kuvua, nenda ukaogelee uangalie samaki. Kasa akinasa kata laini karibu na mdomo umwache aende.

Mwisho wako, silikanti. Yupo mjomba, sio hadithi. Dunia ilidhani alishapotea tangu enzi za madinosaria mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na kwetu Tanzania alianza kuonekana mwaka 2003, halafu Tanga wakaanza kunasa mmoja baada ya mwingine kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazoshushwa kina kirefu nje ya mwamba. Hiyo hifadhi niliyokutajia ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili yake na ndo jina lake, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Anakaa chini sana, mita 100 na zaidi, kwenye mapango ya miamba, mchana haonekani, mshipi wako wa chupa haumfikii, na hata ungemfikia hairuhusiwi, analindwa hapa na duniani kote, tena nyama yake ina mafuta mafuta hailiki. Akitokea kijana dikoni akakwambia anajua pa kumpata na bei anayo, mwambie akupeleke kwenye changu tu, na bei iwe ya changu.